Siku nane za mbalamwezi: shajara ya mtafiti visiwani Ukerewe

Siku ya kwanza, Jumatatu

Tumetoka Mwanza kabla ya adhana ya alfajiri, watu watano ndani ya gari moja: mimi, nesi wetu, mtaalamu wa maabara, kijana anayehoji wanaume, na Mzee, dereva ambaye ameendesha magari ya utafiti kanda hii tangu mimi niko sekondari. Nyuma tumefunga makasha mawili ya barafu, mashine ya maabara iliyoviringishwa kwenye godoro, jenereta dogo, maboksi ya vipimo, na sanduku la mbao lenye kufuli ambalo nitalieleza likifikiwa.

Tarehe za safari hii zimepangwa kwa kutazama angani. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa, zamani karabai na siku hizi nyingi za sola, dagaa wakaifuata nuru mpaka kwenye wavu. Mwezi ukikua, taa haina kazi tena, kwa hiyo nyavu hukunjwa na kambi nzima hupumzika siku kadhaa. Mtu akinipangia kwenda kambini wakati wa giza namkatalia. Mchana atakuta wanaume wamelala kwa uchovu, usiku wote wako majini, naye atarudi na takwimu za wanawake na wazee akidhani ameipima kambi. Leo mwezi una siku kumi na moja tangu uandame. Tunawahi mapumziko.

Kazi yangu ni epidemiolojia ya magonjwa ya zinaa. Watu huniita daktari, lakini mimi si wa kutibu. Nesi ndiye anayetibu. Mimi natafuta ugonjwa umekaa wapi, unatoka kwa nani kwenda kwa nani, na nini kinaweza kuukatia njia. Kitabu cha zahanati hakinitoshi kwa hilo, maana kitabu kinaonyesha waliokuja, na waliokuja ni wale walioumia. Klamidia kwa wanawake wengi haina dalili yoyote. Kisonono nacho kwa mwanamke mara nyingi ni kimya. Kaswende hutoa kidonda kisichouma, kinakauka chenyewe bila dawa, mwenye nacho anashukuru kupona, kumbe mdudu ameingia ndani. Mimi namfuata huyo ambaye hana sababu ya kupanga foleni.

Tulipita Kisesa jua likichomoza. Wengi wanaijua kwa makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, ila kwa watu wa fani yangu Kisesa ni jina kubwa kwa jambo lingine. Tangu 1994 watu wa kata ile wanahesabiwa kaya kwa kaya: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa, na kila baada ya miaka michache wanaombwa damu ya kupima VVU. Nilianza kazi hapo nikiwa karani wa kaya, dawa za kufubaza virusi hazijafika vijijini. Nilikuwa nikibisha hodi na daftari la mzunguko uliopita mkononi, natafuta jina la mama wa nyumba, najibiwa na mtoto wa miaka kumi kwamba mama hayupo, baba hayupo, yupo yeye na wadogo zake. Niliandika alama ya kifo mara nyingi sana mwaka ule. Kila nikipita Kisesa natazama dirishani, sisemi na mtu.

Magu, Lamadi, Bunda, kisha kushoto kuelekea Kibara mpaka Kisorya. Kivuko cha kwenda Rugezi, upande wa kisiwa cha Ukerewe, ni kifupi, lakini foleni ilikuwa ndefu, na kijana wetu, ambaye ndiyo safari yake ya kwanza ya visiwani, akaniuliza swali ambalo kila mgeni wa kazi hii anapaswa kuuliza: kwa nini Mwanza? Kwa nini utafiti wote huu uko huku?

Nikamsimulia. Kati ya 1991 na 1994, mkoa wa Mwanza ukiwa bado mkubwa na Geita imo ndani yake, jamii 12 zilipangwa jozi sita: za mashambani, za barabarani, za mwambao, za visiwani. Katika kila jozi, jamii moja ilipata mapema huduma bora ya magonjwa ya zinaa. Hapakuwa na mtambo wowote. Wahudumu wa zahanati walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zikahakikishwa hazikatiki, na wagonjwa wakahimizwa kuleta wenza wao. Baada ya miaka miwili, waliopata VVU upya walikuwa 1.2% upande wenye huduma na 1.9% upande wa pili. Ukisawazisha tofauti nyingine za jamii zile, ni pungufu ya takriban 40%. Mtafiti Heiner Grosskurth na wenzake, wakiwemo Watanzania wa taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu pale Mwanza, walichapisha matokeo mwaka 1995 katika jarida la kitabibu la The Lancet, na dunia ikageuka kutazama zahanati zetu za mabati. Kidonda ni mlango wa VVU. Ukikiponya, umeufunga mlango.

“Basi kumbe jibu lilipatikana,” akasema.

Halikuwa jepesi hivyo. Ng'ambo ya ziwa, Rakai nchini Uganda, walitibu watu wote kwa mkupuo, mwenye dalili na asiye nazo, na mwaka 1999 wakaripoti kwamba VVU haikupungua. Wataalamu walibishana miaka. Ninayoamini mimi ni kwamba janga la Rakai lilikuwa limeshakomaa, virusi vimeshaenea hata kwa watu wasio na wapenzi wengi, na vidonda vingi kule vilikuwa vya malengelenge ya sehemu za siri (herpesi), ambavyo antibaiotiki haivigusi. Halafu mwaka 2008 likaja pigo lingine, safari hii kutoka kwetu: wanawake wa baa na nyumba za wageni wa kanda hii walipewa dawa ya malengelenge kila siku, na bado haikuwakinga na VVU. Nilikuwepo tulipoelezwa matokeo. Wanawake wale walikuwa wamemeza vidonge kwa miezi na miezi kwa moyo mmoja, nasi tulipaswa kurudi kuwaambia kuwa havikusaidia. Tulirudi, tukawaambia. Kijana alikaa kimya mpaka tukashuka Rugezi.

Siku ya pili, Jumanne

Nansio, makao makuu ya wilaya ya Ukerewe. Vibali, mihuri, ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, barua kwa watendaji. Mashine imepona barabara ya vumbi. Barafu imeganda. Tumekula sato na ugali wa muhogo, tukalala mapema.

Siku ya tatu, Jumatano

Kambi ya kwanza iko kwenye kisiwa kidogo, mwendo wa mtumbwi wa injini. Jina la kisiwa silitaji, wala la kambi yoyote katika shajara hii. Wavuvi wameshapachikwa majina ya kutosha: wahuni, wasambazaji, watu wa pesa ya usiku mmoja. Nikiandika kwamba kambi fulani imekutwa na kaswende, kesho mwanamke atakayeshuka Mwanza na gunia lake la dagaa kutoka hapo ataulizwa maswali sokoni. Nimebadilisha pia mambo mawili matatu ya watu nitakaowasimulia, ili asijulikane mtu.

Tulipokelewa na mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa mwambao, mama wa makamo anayeheshimika mno, na mkutano ukaitishwa chini ya mwembe. Kabla sijafungua mdomo mzee mmoja akasimama.

“Dada, karibu. Lakini sisi tuna jambo. Mwaka jana walikuja watu, si nyie, wakatoa damu kwenye chupa nyingi, wakaondoka. Mpaka leo hatujaambiwa ilikuwa ya nini. Watoto wakiona gari wanakimbia, wanasema mumiani wamekuja. Na nyie mtaondoka hivyohivyo?”

Hasira ile ni ya haki, na sikuitetea fani yangu. Nilimwomba mtu wa maabara alete chupa moja tupu, ikapita mikononi mwa watu wote, wakaona alama ya kiasi cha damu: kijiko kimoja cha chai. Nikaeleza inapimwa nini, inakaa wapi, inateketezwa lini. Halafu nikawaambia kwamba nimekuja kwanza kulipa deni. Tulipima hapa mwaka juzi, na leo nimeleta majibu ya kambi yenu kabla ya kuomba tone jipya.

Namna ya kueleza takwimu mkutanoni nilifundishwa na mama mmoja wa Magu zamani, naye hakuwahi kuingia darasa la takwimu. Tandika khanga, tumia kilichopo. Nilipofika kwenye kaswende ya wajawazito niliomba dagaa wanne wakavu. Nikawapanga mstari. Nikasema: hawa ni wanawake wanne wenye mimba, wana kaswende kali, hawajatibiwa. Nikamwondoa mmoja. Ndivyo ilivyoonekana katika utafiti uliofanywa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002: robo ya wanawake wa namna hiyo walizaa mtoto mfu. Na kwa wanawake ambao hawakupimwa wakati wa mimba, karibu nusu ya watoto wote waliozaliwa wafu waliondoka kwa kaswende. Nusu. Waliochomwa sindano moja ya penisilini mapema, hatari yao ilishuka ikawa sawa na ya wanawake wengine.

Bibi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kisiki, kitenge kichwani, akanyoosha mkono.

“Mwanangu, mimi nimezika watatu kabla hawajalia. Walisema nimefungwa. Mama mkwe alinizungusha kwa waganga mpaka mbuzi wakaisha. Wewe unasema ilikuwa ni kuchomwa sindano?”

Mkutano ulinyamaza. Nikamwambia, “Shikamoo bibi. Pole sana. La hao watatu sina njia ya kulijua leo, na sitakudanganya.”

“Marahaba. Sijakuuliza la wanangu, wao wamelala. Nimeuliza hiyo sindano. Ipo hapa?”

Nesi akanitazama. Nikajibu kwamba tumekuja nayo, na kwamba zahanati nayo inapaswa kuwa nayo. Bibi akasema, “Inapaswa,” akaketi.

Siku ya nne, Alhamisi

Bibi alifika wa kwanza. Alikuwa ameshika mikono ya mabinti wawili wajawazito wa jirani zake, mmoja kila upande, kama anayevusha watoto barabara. Akawakabidhi kwa nesi, akaenda kukaa mbali, mgongo ametupa.

Sasa sanduku. Ukimuuliza mtu ana kwa ana amekuwa na wapenzi wangapi mwaka huu, mwanaume anaongeza na mwanamke anapunguza, na hakuna wa kumlaumu. Kila mmoja analinda jina lake mbele ya mgeni. Watafiti wa Zimbabwe walitumia sanduku la kura, nasi tumelichukua tukalifanya letu. Mshiriki anakaa nyuma ya pazia la khanga na karatasi yenye namba tu. Kijana anasoma swali kwa sauti, lilelile kwa kila mtu, bila kumtazama. Kwenye karatasi pana picha mbili: samaki ni ndiyo, jiwe ni hapana. Unatia alama, unakunja, unatumbukiza mwenyewe, na ufunguo hauko kisiwani. Upo Mwanza.

Sauti ya karatasi ikianguka ndani ya mbao naipenda. Mwanamke mmoja alitumbukiza yake, akaliinamia sanduku, akalitikisa kidogo kusikia kama kweli imeingia na zingine. Akatabasamu, akatoka.

Vipimo vya kaswende na VVU sasa hufanywa kwa pamoja, kwa tone moja la damu ya kidole juu ya kijikaratasi chenye mistari, na baada ya takriban dakika 20 jibu liko mezani. Msomaji aliyezoea mjini hawezi kujua hilo lina maana gani huku. Kipimo cha zamani cha kaswende kilitaka damu izungushwe kwanza ili maji yake yajitenge, kisha kadi izungushwe kwenye mashine dakika nane, na umeme uwepo muda wote. Zahanati isiyo na umeme ilikuwa haipimi, ikampeleka mjamzito Nansio kwa mtumbwi. Wangapi walikwenda? Mstari mmoja mwekundu kwenye kijikaratasi umeokoa safari hiyo.

Mmoja wa mabinti wa bibi alikuwa na mstari huo. Mimba ya miezi sita.

Nesi alimwambia nyuma ya pazia, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine yeyote. Binti akauliza jambo moja tu: “Na mtoto?” Nesi akamwambia bado tumewahi.

Kufikia jioni tulikuwa tumemaliza penisilini. Niliipigia hesabu dawa kwa idadi ya safari iliyopita, na safari hii waliokuja walikuwa wengi kupita matarajio, kwa kuwa habari ya dagaa wanne ilizunguka kisiwa usiku kucha. Kosa ni langu. Tukatuma mtu kwenye zahanati ya jirani, akarudi na jibu kwamba boksi la mwisho liliisha mwezi uliopita na maombi yalikwishapelekwa. Waliobaki bila sindano walikuwa watatu, na binti yule ni mmojawapo.

Nilimfuata bibi pale alipokaa nikamwambia ukweli, bila kumtaja mtu: dawa zimeisha, kesho zitakuja. Aliniangalia muda mrefu. “Inapaswa,” akasema tena.

Siku ya tano, Ijumaa

Kijana wetu aliondoka na mtumbwi saa kumi na moja alfajiri, ziwa likiwa limelala. Kutoka ufukweni bodaboda mpaka Nansio, kutoka Nansio kurudi. Mchana upepo ukaamka kama kawaida ya ziwa hili, mawimbi meupe yakaonekana kuanzia ufukweni mpaka upeo, na manahodha wote wakagoma kutoka. Nilitembea kutoka zahanati ya muda mpaka gati sijui mara ngapi. Sikuweza kuandika chochote.

Alishuka saa kumi jioni, jaketi okozi bado kifuani, ameloa mpaka shingoni, na mfuko wa plastiki ameufunga ndani ya shati. Vichupa kumi.

Ni unga mweupe. Nesi anaingiza maji, anakizungusha kichupa kati ya viganja polepole bila kukisukasuka, mpaka unga unageuka mzito na mweupe kama tui la kwanza. Hapo hana muda wa kupoteza, maana dawa hii ikikaa inaganda ndani ya sindano na kuiziba. Sindano yenyewe ni nene. Dozi ni yuniti milioni 2.4, nusu tako moja, nusu lingine, inasukumwa taratibu, na inauma. Binti alishika ukingo wa meza mpaka vidole vikapauka, hakulia. Nesi alikuwa akihesabu naye kwa sauti, “moja, mbili, bado kidogo mdogo wangu, tatu…”

Nje ya mlango bibi alikuwa amesimama. Hakuuliza jina la ugonjwa, hakuuliza jibu la kipimo. Alimtazama binti anavyotembea, akaona anachechemea, akajua sindano imeingia. Akamshika mkono wakaondoka.

Jioni hiyohiyo alikuja kijana mvuvi, miaka ishirini na kitu, jibu lake nalo halikuwa zuri. Nesi akamtibu, kisha akamtolea kadi ya mwenza. Kadi hii ina namba bila jina. Anayeipokea anaweza kwenda nayo zahanati yoyote ya eneo letu la utafiti akatibiwa bila kuulizwa ametumwa na nani. Kijana aliigeuzageuza.

“Sista, nipe nne.”

Nesi akahesabu nne, moja baada ya nyingine, akaziweka mkononi mwake kama anavyorudisha chenji. Hakuinua nyusi wala hakuhutubia. Kijana akasema mmoja yuko mbali, upande wa Mara, hajui kama atampata. Nesi akamwambia ajaribu. Wapo wahudumu ambao kwa neno moja, “nne?”, wangempoteza yule kijana, na pamoja naye watu wanne ambao hawajui kwamba wanaumwa. Nimeliandika hili kirefu kwa sababu kwenye ripoti zetu halina safu yake.

Siku ya sita, Jumamosi

Asubuhi Bugolora, kisha kivuko kwenda kisiwa cha Ukara. Wasabato wako kanisani mpaka mchana, kwa hiyo tulikuwa na saa za kukaa Bwisya, penye gati la Ukara. Hapa ndipo kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Septemba 20, 2018, gati likiwa linaonekana, watu zaidi ya 220 wakafa, wengi siku hiyo wakitoka gulioni. Tulikwenda makaburini tukasimama. Mzee dereva alivua kofia na hakuivaa tena mpaka tulipoondoka.

Mchana wanawake walikuja, na maswali yao yalikuwa ya binti zao kuliko yao wenyewe. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi: ni kweli inafunga uzazi? Nikawaeleza kwamba ndani yake hakuna kirusi, kuna ganda lake tu, mwili unajifunza sura ya adui bila adui kuwepo. Na nikawaambia jambo ambalo huwa nalisema kwa fahari, kwamba swali la kama dozi moja inatosha lilijibiwa kwa sehemu na wasichana wa Mwanza. Walikuwa 930, wa miaka 9 hadi 14, wengine wakapewa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu, kisha damu yao ikafuatiliwa miaka. Kinga ya dozi moja ilidumu. Ushahidi huo, pamoja na wa Kenya na kwingineko, ndio ulioifanya WHO mwaka 2022 ikubali dozi moja, na Tanzania ikaingia dozi moja mwaka 2024.

“Kwa hiyo ni watoto wetu ndio waliofundisha dunia?” akauliza mama mmoja.

Ndiyo, mama. Ni wao.

Kwa wanawake waliokubali, tulitoa kijiti chenye pamba, kila mmoja akajichukulia sampuli mwenyewe faraghani. Zamani ilikuwa lazima alale kitandani avuliwe mbele ya mgeni, na wengi waliishia mlangoni. Leo walikuwa wakiingia wawili wawili nyuma ya pazia wakisaidiana kushika mtoto.

Siku ya saba, Jumapili

Kupumzika na karatasi. Nimekagua fomu za ridhaa: sahihi, au dole gumba na shahidi. Dole la bibi lipo. Aliomba kupimwa naye. Sikulitazama jibu lake, si kazi yangu kulijua kwa jina.

Kijana ameniuliza kama sanduku linasema kweli kuliko yeye. Nikamkumbusha mradi wa MEMA kwa Vijana, uliofundisha elimu ya afya ya uzazi katika shule za msingi na zahanati za jamii 10 za mkoa huu kuanzia 1999, jamii nyingine 10 zikiwa za kulinganisha. Vijana waliongeza ujuzi, wakajibu maswali vizuri, tukafurahi. Walipopimwa tena 2007 na 2008, VVU na malengelenge havikuwa vimepungua. Na ndani ya mradi uleule walikutwa vijana ambao kwenye dodoso walisema hawajawahi kumjua mtu, huku kipimo cha ujauzito au cha ugonjwa wa zinaa kikisema vinginevyo. Sijawahi kuwaita waongo. Msichana wa miaka kumi na sita anayeulizwa hilo na mtu mwenye kalamu na beji, darasani, mwalimu yuko nje, atasema nini? Swali ndilo lilikuwa baya. Ndiyo maana nabeba mbao na kufuli kuvuka ziwa zima.

Alilisikia. Jioni nilimkuta anachonga upya tundu la sanduku kwa kisu, akisema karatasi zilizokunjwa mara mbili zilikuwa zinakwama na watu wanazisukuma kwa kidole, na anayesubiri nje ya pazia anaona.

Siku ya nane, Jumatatu

Tulirudi kisiwani asubuhi kwa saa mbili, kabla ya kuondoka Ukerewe. Mapumziko yanaisha, wanaume walikuwa wametandaza nyavu mchangani wakizishona, wengine wanachaji betri za taa. Nimeacha vichupa saba vilivyobaki kwenye zahanati ya jirani, vikaandikwa kwenye leja mbele yangu, na mwenyekiti wa BMU akaomba aonyeshwe ukurasa. Akausoma mstari kwa mstari, akatoa simu, akaupiga picha. Akaniambia kila mwezi ukipevuka atakwenda kuangalia vimebaki vingapi.

Binti hajambo. Mumewe yuko kambi nyingine, amepelekewa kadi.

Bibi hakuja kuaga. Alituma mtoto na kifurushi cha dagaa kwenye gazeti, kimefungwa kwa uzi wa wavu. Nilipokifungua garini nilikuta juu kabisa dagaa wanne wakubwa wamepangwa mstari, wote wanne.

Rugezi tumekuta foleni tena, tunangoja kivuko cha mwisho. Saa kumi na mbili na nusu simu ya nesi imeita. Ni mhudumu wa zahanati. Kadi mbili kati ya zile nne za kijana mvuvi zimeshafika, sehemu mbili tofauti, wote wawili wametibiwa, na mmoja wao ameomba kadi zake tatu. Nesi ameniambia, nimefungua daftari nikaandika namba, bila jina. Ya upande wa Mara bado.

Mwezi leo utachelewa kutoka. Majini, mbali, taa ya kwanza imewaka.